Maji, Mafuta na Majivu: Msamiati wa Kilatini wa Kuoga na Kufua

Kitenzi kikuu cha Kilatini katika mambo ya usafi wa maji ni lavare, na msomaji wa Kiswahili anayekutana nacho kwa mara ya kwanza hukiona kuwa kimetwishwa mzigo mkubwa, kwa sababu kinabeba peke yake kazi ambazo Kiswahili kimezigawa baina ya kuoga, kunawa, kuosha, kufua na kusuuza. Mrumi alikitumia kwa mikono yake, kwa mtoto wake mchanga, kwa vazi lake na kwa chombo cha mezani. Haina maana kwamba hakuzijua tofauti hizo. Marcus Terentius Varro, mwanazuoni aliyeishi kati ya mwaka 116 na 27 KK na kuandika kitabu kirefu juu ya lugha ya Kilatini, alieleza kwamba anayesafisha kiungo kimoja husema lavo na kukitaja kiungo chenyewe, lakini anayeingia bafuni na kuloa mwili mzima husema lavor, yaani kitenzi kilekile kikiwa katika kauli ya kutendwa. Tofauti ya kunawa na kuoga, ambayo Kiswahili huionyesha kwa mizizi miwili, Kilatini kiliionyesha kwa kubadili kauli ya mzizi mmoja.

Msamiati huu una matabaka, na kila tabaka lina historia yake. La chini kabisa ni la kienyeji, nalo linahusu mikono, miguu, vyombo na nguo. Juu yake limelala tabaka la Kigiriki, lililokuja pamoja na bafu lenyewe kama jengo na kama starehe. Kisha yapo maneno ya mafundi na watumwa, na mwishowe neno moja la watu wa kaskazini ambalo lilikuja kusafiri mbali kuliko yote. Anayetaka kujua Warumi walijifunza lini kuoga kwa anasa, nani aliwafundisha na nani aliwachochelea kuni, atapata ushahidi mwingi ndani ya maneno yenyewe, ingawa maneno hayo huwataja mabwana kwa sauti kubwa kuliko watumishi.

Katika tabaka la kienyeji, mzizi wa lavare hupungua na kuwa -luere unapotanguliwa na viambishi, na hapo ndipo Kilatini kilipojitengenezea wingi wa maana. Abluere ni kuondoa uchafu kwa maji, na baadaye likawa neno la taratibu za ibada. Eluere ni kusuuza chombo mpaka ndani kitakate. Diluere ni kuzimua au kuyeyusha kitu majini. Alluere ni maji ya mto au bahari kuupiga ukingo, na kutoka hapo wanasheria wa Roma walipata alluvio, yaani udongo unaoletwa na mto na kuongeza shamba la mtu pole pole, jambo lililowapa kazi kubwa mahakamani. Gharika iliitwa diluvium. Maji machafu yaliyobaki baada ya kuosha yaliitwa colluvies, na wanasiasa hawakuchelewa kulichukua neno hilo na kulitupia umati wa watu waliowadharau. Vyombo navyo vilikuwa na majina yake. Kamusi ya Festus, iliyofupishwa katika karne ya 2 BK kutoka kazi kubwa zaidi ya Verrius Flaccus, imehifadhi malluviae, maji ya kunawia mikono, na pelluviae, maji ya kuoshea miguu, maneno mawili yaliyounganisha manus (mkono) na pes (mguu) na mzizi uleule wa kuosha. Beseni kubwa la mawe au shaba liliitwa labrum, ambalo ni ufupisho wa lavabrum.

Ndani ya nyumba ya kale mahali pa kuoshea paliitwa lavatrina. Varro anaeleza kwamba maji ya jikoni yalimwagwa huko, jambo linaloonyesha kwamba chumba hicho kilikuwa ubavuni mwa jiko, karibu na moto na karibu na mfereji wa maji machafu. Kwa kuwa mfereji huo ulipokea na uchafu mwingine wa mwili, neno lilifupishwa kuwa latrina na maana yake ikahama kutoka kuoga kwenda kujisaidia. Uhamaji huo si wa ajabu: lugha nyingi huficha choo nyuma ya jina la mahali pa kunawia, kisha jina hilo nalo huchafuka na kutafutiwa mbadala.

Kuoga kwa zama hizo kulikuwa kwa haraka na kwa nadra. Mwanafalsafa Seneca, aliyefariki mwaka 65 BK, alilala katika nyumba ya shamba huko Liternum iliyokuwa ya jemadari Scipio Africanus, mshindi wa Hannibal, akaandika barua ndefu juu ya bafu dogo na lenye giza alilolikuta humo. Anasema wazee wa Roma waliosha kila siku mikono na miguu iliyokusanya vumbi la shamba, lakini mwili mzima waliuosha kwa nundinae tu, yaani siku ya gulio, ambayo iliangukia kila baada ya siku nane. Seneca aliandika ili kuwasuta watu wa wakati wake, kwa hiyo inafaa kumsikiliza kwa tahadhari, lakini habari yake inakubaliana na msamiati: maneno ya asili ya Kilatini ni ya beseni na ndoo, hayana nafasi ya vyumba vya joto wala ya mapumziko ya mchana kutwa.

Bafu kama nyumba maalumu lilikuja na jina lake la Kigiriki. Balaneion ya Wagiriki ikawa balineum kwa Kilatini, na baadaye balneum. Neno hilo lilikwishaingia mapema, kwani Plautus, mtunzi wa michezo ya kuigiza aliyefariki yapata mwaka 184 KK, analitumia kana kwamba hadhira yake yote inalifahamu. Varro ameacha maelezo ya kuvutia juu ya umoja na wingi wake. Anasema bafu la nyumbani huitwa balneum kwa umoja, kwa sababu ni moja, lakini bafu la umma huitwa balneae kwa wingi, kwa sababu ni majengo mawili yaliyounganishwa, moja la wanaume na jingine la wanawake. Anaongeza kwamba wazee hawakuwa na balneum nyumbani, walikuwa na lavatrina. Sentensi hiyo moja ya mwanasarufi inaeleza mageuzi ambayo wanaakiolojia wameyathibitisha kwa koleo na sururu: neno la jikoni lilisukumwa chooni, na nafasi yake ikachukuliwa na mgeni mwenye heshima.

Neno la tatu, thermae, nalo ni la Kigiriki, kutoka thermos, yaani moto au joto, na lilitengwa kwa ajili ya majengo makubwa yaliyogharimiwa na watawala. Marcus Agrippa, rafiki na mkwe wa Augustus, alianza jengo lake la kuogea jijini Roma mwaka 25 KK, na mwaka 19 KK akaukamilisha mfereji wa Aqua Virgo ulioleta maji katika mtaa huo. Kabla ya hapo, alipokuwa msimamizi wa huduma za jiji mwaka 33 KK, aliwaruhusu watu kuoga bure katika mabafu 170. Nero alijenga bafu lake, Titus akafuata mwaka 80 BK, Traianus mwaka 109, Caracalla mwaka 216, na Diocletianus akajenga kubwa kuliko yote mwanzoni mwa karne ya 4. Mwanahistoria Olympiodorus, aliyeandika katika karne ya 5, anataja viti 1,600 vya marumaru katika bafu la Caracalla na karibu mara mbili ya idadi hiyo katika lile la Diocletianus. Orodha za mitaa ya jiji zilizotungwa katika karne ya 4 huhesabu thermae 11 tu dhidi ya balnea 856. Tofauti ya maneno hayo mawili ilikuwa ya mwenye mali na ukubwa wa jengo, si ya maji.

Mpangilio wa vyumba ndio unaoonyesha vizuri zaidi namna Kilatini kilivyokopa na kisha kuzalisha. Mwogaji aliingia kwanza katika apodyterium, chumba cha kuvulia nguo, ambacho jina lake ni la Kigiriki kitupu. Baada ya hapo majina yanakuwa ya Kilatini: frigidarium, chumba cha baridi, kutoka frigidus, tepidarium, cha uvuguvugu, kutoka tepidus, na caldarium, cha joto kali, kutoka calidus. Kiambishi -arium, kinachotaja mahali pa kitu, kiliwapa wajenzi uwezo wa kuunda jina jipya kila walipobuni chumba kipya, na ndiyo sababu orodha hiyo inasomeka kama kazi ya mafundi kuliko ya washairi. Chumba cha kutokwa jasho kwa joto kavu kiliitwa laconicum, yaani cha Wasparta, kwa kuwa Sparta ilikuwa katika nchi ya Lakonia na wenyeji wake walisifika kwa kupenda jasho lisilo na maji. Bwawa la kuogelea liliitwa natatio, kutoka natare, kuogelea, au piscina, ambalo kwa asili ni bwawa la samaki. Beseni au pipa la kukalia mtu mmoja liliitwa solium, neno lilelile linalotaja kiti cha enzi.

Joto lilipita chini ya miguu. Sakafu iliegemezwa juu ya nguzo fupi za matofali, na hewa ya moto kutoka tanuri ikapita katika uwazi huo kabla ya kupanda ndani ya kuta kwa mabomba ya udongo. Wagiriki waliuita mtambo huo hypocauston, kitu kinachowaka chini, lakini Warumi walikuwa na neno lao, suspensura, yaani sakafu iliyotundikwa, na ubunifu wake walimpa Sergius Orata, mfugaji wa chaza katika ghuba ya Baiae mwanzoni mwa karne ya 1 KK, ambaye anasifiwa kwa mabafu ya kuning'inia. Uchimbaji umeonyesha kwamba sakafu za namna hiyo zilikwishajulikana Italia na katika nchi za Wagiriki kabla yake. Huenda Orata aliuza kwa ustadi kile ambacho wengine walikibuni, jambo ambalo halijawahi kuwa geni katika biashara.

Katika mji wa Pompeii, ulioangamizwa na volkano mwaka 79 BK, mawe yenyewe yanazungumza lugha ya wajenzi. Maandishi ya bafu la Stabiae yanataja mahakimu wawili, Gaius Uulius na Publius Aninius, ambao muda mfupi baada ya mwaka 80 KK waligharimia ujenzi wa laconicum na wa destrictarium. Neno hilo la pili ni adimu, nalo linatokana na destringere, kukwangua. Katika bafu la karibu na uwanja wa soko, beseni la labrum lina maandishi ya herufi za shaba yanayosema kwamba liligharimu sesta 5,250, habari ambayo mwogaji aliisoma kila alipochota maji ya kujipoza uso.

Kukwangua kulihitajika kwa sababu Warumi hawakuoga kwa sabuni. Walijipaka mafuta ya zeituni, wakafanya mazoezi au wakakaa katika joto, kisha mafuta, jasho na vumbi vikaondolewa kwa strigilis, chombo cha chuma au shaba kilichopinda. Mwenye mtumwa alikwanguliwa na mtumwa wake, na asiye naye alihangaika na mgongo wake. Kitabu cha wasifu wa makaisari kinachojulikana kama Historia Augusta, ambacho hakiaminiki kila mahali, kinasimulia kwamba Hadrianus alimwona askari mstaafu akijisugua mgongo ukutani kwa kukosa mtumwa, akampa watumwa pamoja na fedha za kuwatunza. Siku nyingine wazee wengi walionekana wakijisugua ukutani, na Kaisari akawaambia wasuguane wao kwa wao.

Watumishi wa bafu wanajulikana kwa majina ya kazi zao tu. Balneator alikuwa msimamizi wa bafu, capsarius alilinda nguo katika visanduku kwa malipo kidogo, kwa maana wizi wa nguo bafuni ulikuwa ugonjwa wa kila mji, unctor alipaka mafuta, alipilus aling'oa nywele za makwapa, na fornacator alichochea tanuri. Seneca, aliyewahi kupanga juu ya bafu, analalamika kwamba alipilus alinyamaza pale tu alipomfanya mteja wake apige kelele badala yake. Fornacator hana mlalamikaji wala msifu, kwa kuwa alifanya kazi chini, mahali ambapo waandishi hawakushuka. Malipo ya mwogaji jijini Roma yalikuwa quadrans, robo ya as, sarafu ya thamani ndogo kuliko zote, kiasi kwamba waandishi walilitumia jina la sarafu hiyo kama fumbo la kutaja bafu la watu wa kawaida.

Ushahidi ulio kamili zaidi juu ya uendeshaji wa bafu unatoka mbali na Roma. Mwaka 1876, huko Aljustrel kusini mwa Ureno, palipokuwa na machimbo ya madini yaliyoitwa Vipasca, lilipatikana bamba la shaba lenye kanuni za machimbo hayo kutoka zama za Hadrianus. Sehemu moja inahusu bafu. Mpangaji aliyeshinda zabuni, conductor, alitakiwa kupasha moto bafu kila siku kwa gharama zake, kulifungua kwa wanawake tangu alfajiri mpaka saa ya saba ya mchana, na kwa wanaume kuanzia saa ya nane mpaka saa ya pili ya usiku, saa zikihesabiwa tangu macheo kama Waswahili wanavyohesabu mpaka leo. Wanawake walilipa as moja na wanaume nusu yake. Watumwa na walioachwa huru wa Kaisari waliokuwa katika utumishi wa machimbo, watoto na askari waliingia bure. Maji yalipaswa kufika alama iliyowekwa, na vyombo vya shaba vilipaswa kuoshwa, kukwanguliwa na kupakwa mafuta mapya kila siku 30. Mpangaji hakuruhusiwa kuuza kuni, isipokuwa matawi yasiyofaa kwa moto, na aliyekiuka alitozwa sesta 100 kwa kila mzigo. Katazo hilo linaonyesha bayana ni wapi palipokuwa na gharama: si kwenye maji yaliyotiririka yenyewe, bali kwenye misitu iliyokatwa ili yapate moto. Kuhusu sababu ya wanawake kutozwa mara mbili ya wanaume, bamba halisemi neno.

Wakati mwili uliachiwa mafuta na kikwanguo, nguo ilikuwa mikononi mwa dobi, fullo, na karakana yake iliitwa fullonica. Kazi yake ilianza na nguo mpya iliyotoka kwa mfumaji, ambayo ilihitaji kuondolewa mafuta ya sufu na kukazwa, kisha ikaendelea na kusafisha zilizokwisha kuvaliwa. Nguo iliwekwa katika beseni lenye maji na dawa, na mfanyakazi akasimama ndani yake, mikono imeshika kuta fupi za pande mbili, akaikanyaga kwa miguu. Seneca aliyaita mazoezi ya kurukaruka kwa jina la mruko wa madobi. Dawa hizo zilikuwa creta fullonica, udongo maalumu unaonyonya mafuta; nitrum, yaani magadi; na mkojo uliochacha, ambao amonia yake huyeyusha mafuta. Sheria ya Metilia, ya mwishoni mwa karne ya 3 KK, iliweka hata mpangilio wa dawa: kwanza udongo wa Sardinia, kisha moshi wa kiberiti, yaani salfa, kisha udongo wa kisiwa cha Kimolos kwa nguo ambayo rangi yake haichujuki. Dola iliyokuwa karibu kupambana na Hannibal ilipata wasaa wa kutunga sheria ya udobi, na sababu yake haiko mbali, kwa kuwa toga nyeupe ilikuwa vazi la uraia. Aliyegombea cheo aliing'arisha toga yake kwa chaki mpaka ikawa candida, nyeupe inayomeremeta, na yeye mwenyewe akaitwa candidatus.

Mkojo huo ulikuwa na jina lenye asili ya kushangaza. Lotium limetokana na lavare na kwa maana ya kwanza ni kimiminika cha kuoshea. Cato, mwandishi wa karne ya 2 KK aliyeandika juu ya kilimo, analitumia kwa mkojo tu, na hata anashauri watoto wadogo waoshwe kwa mkojo wa mtu aliyezoea kula kabichi ili wasiwe dhaifu. Kaisari Vespasianus alipoweka kodi juu ya mkojo, mwanawe Titus alimlaumu, naye akampelekea sarafu puani na kumuuliza kama inanuka; Titus aliposema hainuki, babaye akamjibu kwamba imetoka kwenye lotium. Watafiti wa karibuni wanaona kwamba uvundo wa karakana hizo umetiwa chumvi katika vitabu vya kisasa, kwa sababu madobi wengi walifanya kazi katikati ya makazi na maduka, mara nyingine ndani ya nyumba nzuri, na mkojo ulikuwa dawa moja tu miongoni mwa nyingi. Nao hawakuwa watu wanyonge kila mara. Jiwe moja la Roma linasimulia kesi yao dhidi ya hazina ya dola juu ya haki ya kutumia mahali na maji bila kodi, kesi iliyoendelea kuanzia mwaka 226 mpaka 244 BK mbele ya mahakimu mmoja baada ya mwingine, na madobi wakaishinda.

Dobi aliyeshinda kesi hakupata hata hivyo nafasi katika neno lililotokana na kazi yake. Lautus, kitendwa cha lavare chenye maana ya aliyeoshwa, lilikuja kuwa sifa ya tajiri, ya karamu yenye vyakula vya thamani, ya nyumba iliyopambwa. Na lautitia likawa anasa. Kilatini kiliuona usafi kuwa alama ya daraja, na aliyeosha akabaki nje ya maana.

Utaratibu wa kuoga ulienea pamoja na majeshi na miji. Katika Afrika ya Kaskazini, Carthago ilipata katika karne ya 2 BK bafu la Antoninus, ambalo magofu yake yako ufukweni mwa Tunisia. Mji wa Thamugadi, ulioasisiwa na Traianus mwaka 100 BK mahali panapoitwa sasa Timgad nchini Algeria, ulikuwa na mabafu zaidi ya kumi kwa idadi ndogo ya watu. Kwenye sakafu za mabafu ya eneo hilo, zikiwemo za Sabratha nchini Libya, kuna picha za viatu na vikwanguo vilivyopangwa kwa mawe ya rangi pamoja na salamu za kumtakia anayeingia aoge vizuri na anayetoka awe ameoga kwa afya. Katika uwanja wa Timgad mtu alichonga maneno yanayotaja kuoga pamoja na kuwinda, kucheza na kucheka kuwa ndiyo maisha.

Wakristo wa Kilatini waliukuta msamiati huo ukiwa umekomaa na wakalazimika kuchagua. Tertullianus wa Carthago, aliyeandika yapata mwaka 200 BK kitabu kizima juu ya ubatizo, alitumia mara nyingi tingere, ambalo ni kuchovya na pia ni neno la watia rangi nguo, na lavacrum, josho, kuliko neno la Kigiriki baptizare, ambalo hatimaye lilishinda na kufika mpaka katika kubatiza kwa Kiswahili. Tertullianus huyohuyo aliwahakikishia majirani kwamba Wakristo huenda bafuni kama watu wengine. Wengine walikuwa wakali zaidi. Hieronymus, mfasiri wa Biblia, aliandika kwamba aliyekwisha kuoshwa katika Kristo hana haja ya kuoga tena, na kanuni ya watawa ya Benedictus, ya karne ya 6, iliruhusu wagonjwa waoge kila inapofaa, lakini wazima, hasa vijana, mara chache. Haifai kuwabebesha watawa lawama ya kufa kwa mabafu. Mwaka 537, Wagothi walipouzingira mji wa Roma, walikata mifereji ya maji, na majengo makubwa yakakauka. Mabafu yalihitaji mifereji, kuni, kodi na watumwa, na vyote hivyo vilikuwa vimepungua kabla ya hapo. Katika karne ya 16 ukumbi mmoja wa bafu la Diocletianus uligeuzwa na Michelangelo kuwa kanisa la Santa Maria degli Angeli, na kituo kikuu cha reli cha jiji hilo, Termini, kimepata jina lake kutokana na thermae hizohizo.

Maneno yaliishi kuliko majengo. Balneum likawa bagno kwa Kiitalia, bain kwa Kifaransa, baño kwa Kihispania na banho kwa Kireno; lavare likaendelea katika lugha zote hizo. Katika misa ya zamani padri alinawa mikono huku akisoma mistari ya zaburi iliyoanza kwa neno lavabo, yaani nitaosha, na kutokana na hapo lavabo likawa jina la beseni la kunawia katika nchi kadhaa za Ulaya. Upande wa mashariki desturi yenyewe ndiyo iliyodumu. Waislamu wa Shamu walirithi vyumba vya joto na sakafu zilizotundikwa, kama inavyoonekana katika jumba la Qusayr Amra nchini Jordan, la nusu ya kwanza ya karne ya 8, lakini wakatumia neno la Kisemiti, hammam. Ndilo lililofika Zanzibar, ambako Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 mpaka 1888, alijenga bafu la umma katika Mji Mkongwe, katika mtaa unaoitwa Hamamni mpaka leo. Bafu hilo lilifungwa mwaka 1920.

Neno la Kilatini lililofika pwani ya Afrika Mashariki kwa njia hiyohiyo ya Waarabu ni jingine kabisa, na Roma ya zamani ililidharau. Plinius, aliyefariki katika mlipuko ule ule wa mwaka 79 BK, anaandika katika orodha ya dawa za vidonda juu ya sapo, kitu kilichobuniwa na Wagalia ili kuzifanya nywele ziwe nyekundu, kinachotengenezwa kwa shahamu na majivu, kilicho bora kikiwa cha shahamu ya mbuzi na majivu ya mti wa fagus, na ambacho kwa Wajerumani hutumiwa zaidi na wanaume kuliko wanawake. Hasemi kwamba kinasafisha kitu chochote. Warumi waliendelea na mafuta, magadi na lomentum, unga wa maharage wa kulainisha ngozi, na karne zilipita kabla ya kuyagundua matumizi ambayo leo hayahitaji maelezo. Kutoka sapo neno lilipita katika Kigiriki na lugha za Shamu likawa sabun kwa Kiarabu, na viwanda vya Halab na Nablus vikaifanya bidhaa hiyo kuwa biashara kubwa kwa mafuta ya zeituni yaleyale ambayo Warumi walijipaka na kuyakwangua. Katika Kiswahili neno hilo ni sabuni, na kati ya maneno yote ya Kilatini ya kuoga na kufua, hilo la dawa ya nywele ya washenzi wa kaskazini ndilo linalotumika kila siku katika maduka kutoka Lamu hadi Bukavu.